Hukumu ya Sikio: Tafakari Juu ya Kazi ya Kurekodi Muziki, Kutoka Shinyanga Hadi Geita

Katika kazi zote zinazouzunguka muziki, ya fundi sauti na mtayarishaji wa rekodi ndiyo inayojificha kuliko zote, kwa sababu huhesabiwa kuwa imefana pale tu msikilizaji anapoisahau na kuamini kwamba kilichomfikia ni muziki wenyewe, usiopitia mkononi mwa mtu. Fundi sauti ni yule anayechagua maikrofoni, anayezipanga mahali pake na kupima nguvu ya kila sauti kabla haijaingia katika utepe au kompyuta. Mtayarishaji ni yule anayeamua kirekodiwe nini, kirudiwe mara ngapi, na lipi kati ya marudio hayo litolewe kwa umma. Katika muziki wa okestra na opera wa Ulaya kazi hizi kwa kawaida hugawanywa kati ya watu wawili au zaidi, ilhali katika safari za kurekodi barani Afrika mara nyingi zilimwangukia mtu mmoja. Hoja ya tafakari hii ni kwamba kazi hiyo, chini ya ufundi wake wote, ni kazi ya kuhukumu, na kwamba hukumu hiyo huonekana waziwazi katika nchi ya Wasukuma na jirani zao, kuanzia Shinyanga hadi ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako muziki ulikuwa na mahakama yake yenyewe kabla maikrofoni haijafika.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza kuiangalia kazi hii ilivyokua kule ilikopata heshima ya kuitwa taaluma. Mwezi Aprili 1902 Fred Gaisberg, Mmarekani aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Gramophone ya London, alimrekodi mwimbaji Enrico Caruso katika chumba cha hoteli mjini Milan, kwa njia isiyotumia umeme hata kidogo: mwimbaji aliimba mbele ya pembe la bati, na mtetemo wa sauti yake ndio uliosukuma sindano ikachora mfereji katika nta. Fundi wa enzi hiyo hakuwa na kifaa cha kuongeza wala kupunguza sauti, na njia yake kuu ya kuleta mizani ilikuwa kuwasogeza watu, mwenye sauti kali akarudishwa nyuma na mwenye sauti laini akaletwa karibu na pembe. Mwaka 1925 umeme ulipoingia katika kazi hii, nguvu ya kupanga mizani ilianza kuhama kutoka miili ya wanamuziki kwenda katika vidole vya fundi. Mwaka 1931 Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI, aliomba hataza ya kurekodi kwa mikondo miwili, yaani stirio, ambayo humwezesha msikilizaji kutambua kama sauti inatoka kushoto, kulia au katikati.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ufundi huu ulipanda daraja. Kampuni ya Decca ya London, ambayo wahandisi wake chini ya Arthur Haddy walikuwa wamepanua upeo wa sauti zinazoweza kurekodiwa walipokuwa wakiwasaidia wanajeshi kutofautisha nyambizi za Wajerumani na za Waingereza kwa kuzisikiliza, ilianza mwaka 1954 kutumia maikrofoni tatu zilizotundikwa kwa umbo la herufi T juu ya mwongozaji wa okestra. Mjini Detmold, Ujerumani, Erich Thienhaus alianzisha mwaka 1949 mafunzo yaliyomtaka mwanafunzi ajue fizikia ya sauti na pia asome nota, yaani maandishi ya muziki, kwa ustadi wa mwanamuziki. Kati ya 1958 na 1965 mtayarishaji John Culshaw alisimamia mjini Vienna kurekodiwa kwa opera nne za Wagner ziitwazo kwa pamoja Pete ya Nibelung, naye hakujaribu kumpa msikilizaji nakala ya kile ambacho angekisikia akiwa amekaa katika jumba la opera, bali alikusudia kujenga jukwaa jipya ndani ya masikio, ambamo mwimbaji husogea, hukaribia na kutoweka kwa kadiri tamthilia inavyodai. Tangu hapo haikuwezekana tena kudai kwa dhati kwamba rekodi ni kioo tu, kwa kuwa marudio kadhaa hukatwa na kuunganishwa hadi yakawa utumbuizaji mmoja ambao kwa kweli haukupata kutokea siku yoyote.

Hata hivyo, uhuru wote huo ulisimama juu ya mambo matatu ambayo wataalamu wa Ulaya hawakuhitaji kuyataja, kwa kuwa kwao yalikuwa ya kawaida mno. La kwanza ni kwamba muziki una upande: wanaopiga wako mbele, wanaosikiliza wako mkabala nao, na kwa hiyo pana kiti fulani, hata kama ni cha kuwaziwa tu, ambacho maikrofoni inaweza kukikalia kwa niaba ya wote. La pili ni kwamba msikilizaji hunyamaza, hivyo kila sauti isiyotoka kwa wanamuziki ni kelele inayopaswa kuondolewa. La tatu ni kwamba kazi ya muziki ina mwanzo na mwisho uliokwisha kuandikwa, na mtayarishaji anayefuatilia nota kwa kalamu anaweza kuthibitisha lipi limekosewa na lipi ni sahihi. Ukumbi wenyewe hushirikiana na fundi, kwa maana kuta zake huurudisha mwangwi kwa muda unaokaribia sekunde 2 katika kumbi zinazosifiwa, na mwangwi huo ndio unaozishona ala nyingi zikawa sauti moja.

Katika nchi ya Wasukuma mambo hayo matatu hayapatikani. Ngoma za mashindano za huko zimejengwa juu ya vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na ambavyo matawi yake yalienea hata watu wengi wa eneo hilo wakajihesabu kuwa wa upande mmoja au mwingine. Baada ya mavuno makundi mawili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati uleule, kila moja likiwa na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, likiwa na ngoma zake, vituko vyake na dawa inayoaminiwa kuvuta watu, huku nyimbo za upande mmoja zikiuchokoza upande wa pili. Hakuna jopo la majaji linalokaa pembeni na karatasi za alama. Watazamaji huhama kutoka kundi hadi kundi kwa kadiri wanavyovutwa, na kundi linalobaki na umati mkubwa ndilo mshindi. Bulabo, tamasha linalofanyika kila mwezi Juni huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, ambako padri David Clement kutoka Kanada alisimamia ujenzi wa kanisa na kituo cha utamaduni wa Kisukuma, limeuendeleza utaratibu huo sambamba na sikukuu ya Ekaristi.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba katika ngoma ya namna hii kusikiliza ni kitendo kinachoonekana. Msikilizaji wa ukumbini huhukumu moyoni na kupiga makofi mwishoni, hata kama amechoshwa, ilhali msikilizaji wa uwanjani hupiga kura kwa miguu, na kura hiyo hubadilika dakika kwa dakika, hubadili pia namna manju anavyoimba, kwa sababu anayeona umati unampungukia hubuni beti mpya papo hapo au kuleta kituko ambacho hakikutarajiwa. Muziki na hukumu yake ni kitu kimoja kinachotendeka kwa pamoja. Basi maikrofoni ikae wapi? Ikiwekwa katikati ya makundi mawili, itanasa mgongano wa sauti ambao hakuna mtu uwanjani aliyekusudia kuusikiliza, maana kila mmoja alikwisha kuchagua upande. Ikiwekwa kwa Bagika, imekwisha kuwapa ushindi. Mikondo miwili ya Blumlein ingeweza kuwatenga Bagika kushoto na Bagalu kulia, lakini hata hiyo ingemwacha msikilizaji amesimama pale pale, asiweze kuhama, na kuhama ndiko kulikokuwa kiini cha shughuli.

Swali hilo halikuwa la nadharia tupu kwa waliofika na vyombo vyao. Sauti za nyanda hizi za magharibi zilianza kusafiri mapema: mwaka 1909 Erich von Hornbostel wa hifadhi ya fonografu ya Berlin alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizorekodiwa katika mitungi ya nta, ambayo kila mmoja ulibeba dakika chache tu. Lakini mtu ambaye maisha yake ya kazi yanastahili kuitwa ya fundi na mtayarishaji kwa maana kamili ni Hugh Tracey. Alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903, akahamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana ili kulima tumbaku pamoja na kaka yake, akajifunza lugha na nyimbo za vibarua waliokuwa wakifanya kazi naye, na mwaka 1929 akawapeleka vijana 14 hadi Johannesburg wakarekodiwe na kampuni ya Columbia. Baada ya miaka kadhaa ya utangazaji wa redio nchini Afrika Kusini, na kwa msaada wa kampuni ya Gallo, alianza safari ndefu za kurekodi, na mwaka 1950 alipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambako waliorekodiwa ni pamoja na Wanyamwezi, majirani wa karibu wa Wasukuma kwa lugha na kwa muziki. Mwaka 1954 alianzisha huko Roodepoort, Afrika Kusini, Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, na mfululizo wake uitwao Sauti ya Afrika ulifikia santuri 210. Alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata maktaba hiyo ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes.

Namna alivyofanya kazi inaonyesha kwamba alilitambua tatizo la mahali pa maikrofoni, ingawa alilitatua kwa njia ya kibinafsi mno. Jenereta iliachwa mbali ili muungurumo wake usifike, mtambo wa kurekodia ukakaa katika gari, na maikrofoni akaishika kwa mkono juu ya fimbo, akizunguka nayo katikati ya wanamuziki, akiikaribisha kwa mwimbaji kiongozi anapoanza, akiipeleka kwa waitikiaji wanapopokea, kisha akiishusha kwenye ala. Kwa ala laini kama ndono, uta wenye kibuyu ambao mpigaji huuegemeza mwilini na ambao humezwa upesi na sauti za watu, mbinu hiyo ilikuwa ya lazima, na rekodi nyingi zilizopatikana kwayo zina ukaribu ambao maikrofoni iliyosimama mbali isingeweza kuutoa. Kwa maneno mengine, Tracey alihama. Alifanya kile ambacho umati wa Kisukuma hufanya, akaifuata sauti iliyomvuta; tofauti ni kwamba alihama peke yake, na njia aliyopita ndiyo iliyogeuka kuwa njia ya kila msikilizaji atakayekuja baada yake.

Hukumu zake nyingine zilikuwa za wakati na za majina. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika 3 kwa kila upande, kwa hiyo ngoma iliyozoea kujaza alasiri nzima ililazimika kuingizwa katikati na kutolewa katikati, na yule aliyeipa dakika hizo 3 alikuwa ameamua tayari ipi ni shina na ipi ni tawi. Alipima ala kwa seti ya uma 54 za sauti, vipande vya chuma ambavyo kila kimoja hutetemeka kwa kasi moja isiyobadilika, kuanzia mitetemo 212 hadi 424 kwa sekunde, na kwa kufanya hivyo alithibitisha kwa tarakimu kwamba ala za Kiafrika zina mizani zake zenyewe, wala hazikuwa zimekosea mizani ya piano. Hilo ni tunda la heshima. Pamoja nalo alipanga kila rekodi chini ya jina la kabila, na akapendelea muziki alioamini kuwa haujachanganyika, ingawa mwenyewe alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Katanga mwaka 1952 na kuutambua ufundi wake. Baadhi ya santuri zake zilitolewa London na Decca, kampuni ile ile iliyokuwa ikizitoa okestra za Ulaya. Lakini katika zile za okestra jina la mtunzi lilitangulia, ilhali katika zile za Afrika mara nyingi lililotangulia lilikuwa jina la nchi au la kabila, na manju, ambaye kwao alijulikana kwa jina, kwa ubishi na kwa ushindi wake, akawa sampuli ya watu wake.

Dhahabu inaingia katika masimulizi haya kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 1943 Tracey alisanifu uwanja wa nusu duara kwa ajili ya ngoma za wafanyakazi katika mgodi mmoja wa Witwatersrand, Afrika Kusini, na mwaka 1952 kikatoka kitabu chake juu ya ngoma za migodi hiyo ya dhahabu. Uwanja huo unastahili kufikiriwa kwa makini, kwa kuwa nusu duara ni umbo linaloupa muziki upande: wachezaji huwa mbele, watazamaji hukaa mkabala nao juu ya ngazi, na maikrofoni au kamera hupata tena kile kiti chake. Katika miaka hiyo hiyo mgodi wa Geita, uliofanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966 na kuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki kwa wakati wake, ulikuwa ukikusanya wafanyakazi katika nchi ya Wazinza na Wasukuma, na mkusanyiko wa namna hiyo ndio unaozaa muziki ambao kadi za maktaba zilizopangwa kwa makabila haziwezi kuupa mahali. Mtu anayefika machimboni na wimbo wa kwao, akaitikiwa na wasioijua lugha yake, hutoa kitu ambacho si cha kabila lake wala si cha kabila la waitikiaji. Ukanda wa Geita wa leo, wenye mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000 na maduara ya wachimbaji wadogo yaliyotapakaa Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, unaendelea kuwa mahali pa namna hiyo, na kwa hiyo anayetaka kuurekodi lazima aanze kwa kuitupa kadi.

Suala la pili, la ukimya, linajitokeza zaidi katika nyimbo za kazi. Wasukuma wana hazina kubwa ya nyimbo za kulima na kupura zilizoimbwa na vyama vya vijana vya kazi za ushirikiano, na pia nyimbo za vyama vya wawindaji na wacheza nyoka, ambazo Frank Gunderson, mtafiti wa Marekani, alizikusanya na kuzichapisha katika kitabu kikubwa cha mwaka 2010. Bugobogobo, ngoma ya majembe inayopendwa hadi leo katika majukwaa ya kitaifa, ilizaliwa shambani, ambako jembe linalogonga udongo kwa pamoja na majembe mengine halikuwa usumbufu kwa wimbo bali lilikuwa ndilo pigo lake. Fundi aliyefunzwa kuondoa kila sauti isiyotoka kwenye koo au ala atalisafisha jembe na kubaki na wimbo usio na kazi, na msikilizaji wake hataelewa kwa nini mstari fulani umerefushwa na mwingine umekatwa, kwa kuwa urefu huo uliamuliwa na mkono unaonyanyua na kushusha. Hapa kelele na muziki vinatenganishwa na desturi ya anayesikiliza. Fizikia haina mpaka huo. Vivyo hivyo karasha, mtambo wa kusaga mawe yenye dhahabu ambao mdundo wake hausiti mchana wala usiku katika vituo vya uchenjuaji, ni kero kwa anayetaka kurekodi kwaya jirani, lakini ni sehemu ya mazingira ambamo waimbaji hao walijifunza kupaza sauti.

Kwaya yenyewe ni sura nyingine ya kazi hii, na pengine ndiyo iliyowafikia watu wengi zaidi. Baada ya matangazo ya redio kuanza Dar es Salaam mwaka 1951, redio ikawa kwa miongo kadhaa mtayarishaji mkuu wa nchi, kwa sababu bendi au kikundi ambacho hakikurekodiwa na redio hakikuwa na njia nyingine ya kusikika kote, na baada ya Uhuru, hususan zama za Radio Tanzania Dar es Salaam, hukumu ya kipi kirushwe ikaambatana na siasa ya ujenzi wa taifa. Makanisa nayo yakajenga njia zao: studio ya Sauti ya Injili mjini Moshi ilitayarisha vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa kutoka Addis Ababa tangu 1963 hadi kituo cha huko kilipotaifishwa mwaka 1977, na baadaye kanda za kaseti zikazipeleka kwaya mbali kuliko waimbaji wenyewe walivyoweza kusafiri. Kwaya za Kanisa la African Inland, ambalo mizizi yake Tanzania imo hasa katika kanda hii ya Ziwa, zikiwamo za Shinyanga, zimejulikana nchi nzima kwa rekodi zake. Katika rekodi za namna hii kinanda cha umeme, gitaa na sauti za makundi hurekodiwa kila kimoja katika njia yake na kuchanganywa baadaye, kwa hiyo mizani ambayo kanisani huletwa na mwalimu wa kwaya kwa mkono wake huhamia kwa kijana anayeketi mbele ya kompyuta, ambaye anaweza kuipandisha soprano na kuizamisha besi bila mwimbaji yeyote kuulizwa.

Kijana huyo, ambaye Shinyanga, Kahama na Geita huitwa prodyuza, ndiye mrithi wa Gaisberg na Tracey hata kama majina hayo hajapata kuyasikia. Chumba chake ni kidogo, kuta zake mara nyingi zimefunikwa kwa vitu laini ili kuua mwangwi, na programu yake ina midundo iliyokwisha kutengenezwa ambayo humshawishi kuuingiza wimbo wa Kisukuma katika vipimo sawa ambavyo manju hakuvikusudia. Anachokosa ni mafunzo ya aina ya Detmold. Anachokuwa nacho, na ambacho Tracey hakukipata kamwe, ni kwamba anaielewa lugha, anajua tusi lililofichwa katika ubeti, na atakutana na mwimbaji sokoni kesho yake. Wakati huo huo simu za mkononi zimewapa watazamaji wa ngoma maikrofoni mia kwa mpigo, kila moja ikiwa upande wa mwenye nayo, na kwa namna fulani uhamaji wa umati umerudi ndani ya rekodi. Yafaa hata hivyo kutochanganya mambo mawili: umati wa uwanjani ulihukumu huku ukionekana na anayehukumiwa, naye akapata nafasi ya kujibu kabla jua halijazama, ilhali idadi ya watazamaji wa mtandaoni hujikusanya baada ya ngoma kwisha, na manju hawezi kuibadili kwa ubeti.

Katika eneo lililojaa migodi ni rahisi kuifananisha rekodi na makinikia, yaani mchanga wa madini uliochenjuliwa kwa sehemu tu, ambao hadi serikali ilipozuia usafirishaji wake mwezi Machi 2017 ulipelekwa nje kutoka Bulyanhulu na Buzwagi ili ukayeyushwe huko, watu wa nchi wakibishania kilichokuwa ndani yake. Ulinganisho huo una ukweli, kwa maana utepe uliosafiri nao ulipata thamani mbali na mahali ulikotoka. Lakini unapotosha katika jambo la msingi: mawe yakichimbwa hubaki shimo, ilhali wimbo ukirekodiwa hubaki na mwenyewe, ambaye anaweza kuuimba kesho na kuubadili. Kinachoweza kuondoka ni mamlaka ya kusema wimbo huo ni upi. Toleo la dakika 3 likiwekwa katika hifadhi, likanukuliwa na wasomi na kufundishwa vyuoni, huanza kutumika kama kipimo cha usahihi, hata mjukuu wa manju akaambiwa kwamba anakosea.

Sheria imeligusa suala hili kwa sehemu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi kwa hakimiliki, na kwa hakishiriki, yaani haki zinazoambatana na zile za mtunzi, humlinda mtumbuizaji, mtayarishaji wa rekodi na mrushaji wa matangazo. Tena ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Ugawaji huo unakiri kwamba mtayarishaji ameongeza kitu chake juu ya wimbo, maana asingestahili haki kama kweli angekuwa kioo. Lakini anayepewa haki kwa sababu ya uamuzi wake hana budi kuuwajibikia uamuzi huo. Mfano wa uwajibikaji wa namna hiyo ulionekana mwaka 2014, pale maktaba aliyoianzisha Tracey, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilipoanza kuzirudisha kwa Wakipsigis wa Kenya rekodi zilizofanywa kwao mwaka 1950, na wenyeji wakapata nafasi ya kuzisikiliza na kuzisemea.

Kurudisha nakala, hata hivyo, ni hatua ya mwisho, na taaluma iliyokomaa ingeanza mapema zaidi. Katika muziki wa okestra jalada la rekodi hutaja mtunzi, mwongozaji, fundi, mtayarishaji na ukumbi, na mara nyingine hata aina ya maikrofoni, kwa sababu wasikilizaji wa muziki huo walikwisha kukubali kwamba mambo hayo yote yanaathiri wanachokisikia. Rekodi ya ngoma za Shinyanga na Geita inastahili jalada lenye ukali huo huo, na zaidi: jina la manju na la chama chake, upande ambao maikrofoni ilisimama, kundi la pili lililokuwa likicheza wakati huo na ambalo halikunaswa, saa ambayo ngoma ilianza kabla mtambo haujawashwa, na umati uliishia wapi. Taarifa hizo hazigharimu chochote kuandikwa, zinahitaji tu fundi akubali kwamba alichagua. Kijana wa Kahama atakayejifunza kuziandika hatakuwa mnyonge mbele ya aliyehitimu Detmold, kwa kuwa atakuwa amejifunza sehemu ya kazi hii ambayo kumbi za Ulaya, kwa utulivu wa viti vyake, hazikuwahi kumlazimisha mtu yeyote aijue.